Gumba liko wapi? Neno juu ya somo la kwanza la gitare kwetu

Leo naacha bei ya koltani na hali ya barabara, wengine wataandika. Mimi naandika juu ya mikono. Nataka kukosoa lile somo la kwanza la gitare ambalo limeenea katika simu zetu na katika fotokopi zinazozunguka kutoka korali moja mpaka nyingine, toka Sake mpaka Mubi. Somo hilo lina mambo mazuri na nitayataja. Lina pia mambo yanayowavunja vijana moyo bure, na ndani yake kuna dharau moja ndogo ambayo sisi wasomi ndio tunaibeba kuipeleka kijijini.

Somo lenyewe mnalijua. Kaa mbele ya kiti, mgongo sawa. Mguu wa kushoto juu ya kibao kidogo. Gitare juu ya paja la kushoto, shingo yake ipande. Gumba la mkono wa kushoto libaki nyuma ya shingo, katikati, lisionekane mbele. Mkono wa kuume: gumba kwa zile nyuzi tatu nene, kidole cha shahada kwa sol, cha kati kwa si, cha pete kwa mi ndogo. Kidole cha mwisho kisiguse kitu. Ukifanya tofauti, basi unapiga vibaya.

Nilimsikia kijana mmoja aliyeshuka toka Goma akimwambia muzee wa korali, mbele ya watu, upande wa Nyabiondo: "Muzee, unakamata gitare mubaya, kidole yako kubwa inatokea huku yulu." Muzee alicheka tu, akaendelea. Alikuwa amepiga gitare miaka mingi kuliko umri wa yule kijana, na sauti zote nne za korali zilikuwa zinamfuata yeye. Watu wengine walisema kijana amekosa adabu. Mimi naona tatizo lilikuwa la elimu. Alichukua desturi ya shule moja ya Ulaya akaifanya sheria ya mwili wa binadamu, na hakuna aliyemwambia kwamba hata hiyo shule haikukubaliana yenyewe kwa yenyewe.

Tuiangalie kidogo. Fernando Sor, mtu wa Barcelona, alitoa kitabu chake cha mafunzo ya gitare Paris mwaka 1830. Sor alipiga bila kucha, kwa nyama ya kidole. Rafiki yake Dionisio Aguado, aliyekuwa naye Paris, alipiga kwa kucha. Sor alitegemea zaidi gumba, shahada na kidole cha kati. Kile cha pete alikiita kazini mara chache tu. Juu ya kukaa ndio kabisa: Sor alisema gitare iegemezwe kwenye pembe ya meza, na Aguado akabuni kigoda cha miguu mitatu cha kuibeba gitare ili isiguse mwili sana. Hawa ni mabingwa wawili, mji mmoja, wakati mmoja. Kile kibao chini ya mguu wa kushoto kilizoeleka baadaye, na watu wengi wanakihusisha na Francisco Tárrega, aliyeishi kati ya 1852 na 1909, wakati gitare za Hispania zilikuwa zimekuwa na tumbo kubwa zaidi. Kwa hiyo kile ambacho kijana wetu anakiita "namna sahihi" ni jibu la swali fulani: nitaikamata vipi gitare pana ya nyuzi laini, nikiwa nimekaa, ndani ya nyumba iliyotulia, nipige peke yangu bila kuimba? Ni jibu zuri sana. Lakini jiulize kama hilo ndilo swali la korali ya Kitchanga.

Sasa, kabla mtu hajafurahi akafikiri kwamba nimesema kila mtu apige anavyotaka, hapana. Kuna mambo ambayo mwili haujadiliani nayo. Hayo ningependa yafundishwe kwa nguvu kuliko kibao cha mguu.

La kwanza ni kifundo cha mkono. Vidole havina misuli yake mikubwa ndani ya vidole vyenyewe. Misuli iko huku kwenye mkono, chini ya kiwiko, na inavuta vidole kwa kano, kama nyaya za breki zinavyovuta kutoka mbali. Kano tisa pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu zinapita ndani ya kifereji kimoja chembamba pale kwenye kifundo. Ukikikunja kifundo sana huku ukikaza vidole, unazisaga humo ndani. Ndiyo maana vijana wengine wanasikia ganzi kwenye gumba na shahada usiku baada ya repetisyo ndefu. Kifundo kikae karibu na kunyooka. Kikilazimika kujikunja kwa akordi fulani, kijikunje, kisha kirudi. Maumivu ya ncha za vidole wiki za kwanza ni kawaida, ngozi inakauka na kuwa ngumu, yanapita. Maumivu ya kifundo au ya kiwiko hayako sehemu ya kujifunza. Hayo ni ya kusimama, kuweka gitare chini na kupumzika, hata kama kiongozi wa korali anakasirika.

La pili ni mahali kidole kinakaa. Shingo ina vile vichuma vilivyokatiza. Mwanafunzi karibu kila mara anaweka kidole katikati ya vichuma viwili, uzi unalia kama nyuki, halafu anafikiri dawa ni kukaza zaidi. Anakaza mpaka bega linapanda kwenye sikio. Dawa ni kusogeza kidole mbele, nyuma tu ya kichuma, bila kukipanda. Pale nguvu ndogo inatosha. Kuna jaribio ambalo namfanyisha kila anayeanza: weka kidole juu ya uzi bila kukandamiza, piga, sauti itakuwa imekufa. Ongeza nguvu kidogo, piga. Ongeza kidogo tena. Pale sauti inapotoka safi, simama hapo. Hiyo ndiyo nguvu unayohitaji, na wengi wanashangaa jinsi ilivyo ndogo. Mama zetu wanalijua hili kwa jembe. Angalia anayeanza kulima na anayejua: anayeanza anakaba mpini kama mwizi, saa nne mikono imetoka malengelenge, mama mwenye shamba anaushika mpini kama anaupa mkono wa salamu, na jioni bado yuko shambani.

La tatu ni bega na pumzi. Watu wanaopiga wakizuia pumzi wanakuwa wagumu mwili mzima. Kwetu bahati nzuri wapigaji wengi wanaimba, na anayeimba analazimika kupumua. Kama hauimbi, basi hesabu kwa sauti.

Hayo matatu yakishakaa sawa, mimi sioni sababu ya kumsumbua mtu juu ya paja gani linabeba gitare.

Lakini kuna jambo ambalo lile somo halilitaji kabisa, na kwetu ndilo la kwanza: gitare yenyewe. Somo limeandikwa kwa mtu aliyenunua gitare dukani. Huku wengi wameanzia kwenye gitare ya mbao iliyochongwa na fundi wa madirisha, nyuzi zikiwa nyaya zilizofumuliwa kutoka kwenye breki ya baiskeli, au nailoni ya kuvulia samaki. Hata ile ya duka ikitoka Goma kwenye baridi ikashuka kwenye joto na unyevu wa msitu wa Walikale, mbao zinajivuta, shingo inapinda kidogo, nyuzi zinapanda mbali na vichuma. Mtoto wa miaka kumi na minne anakandamiza mpaka damu, halafu anaambiwa kwamba mkono wake haufai. Kabla hujalaumu mkono, angalia gitare. Chukua kalamu ya Bic, ipitishe chini ya nyuzi pale kwenye kichuma cha 12, ambapo ndipo nusu ya uzi. Kama inapita bila kugusa uzi, hiyo gitare itamfundisha mtu kukaza tu. Toa kile kijiti cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi huku kwenye daraja, ukisugue chini yake kwa karatasi ya msasa, kidogo kidogo, ukipima. Ukizidisha hakirudi.

Njia nyingine ni kulegeza. Nyuzi sita za chuma zikikazwa kwa sauti ya kawaida, mi la re sol si mi, zinavuta shingo kwa nguvu inayopita kilo 60 kwa jumla. Za nailoni ziko karibu na kilo 40. Teremsha zote sauti moja nzima na vidole vitapumua mara moja. Halafu weka kapo kwenye kichuma cha pili na umerudi pale pale pa korali. Kapo si lazima uinunue: penseli na kipande cha mpira wa ndani wa tairi vinafanya kazi, nimeviona Masisi-Centre na Pinga. Wengine wanamcheka anayeanza na kapo, wanasema ni fimbo ya kilema. Wanasahau kwamba kapo iko mara nyingi kwenye gitare za Kongo, hasa ile ya misolo, na hakuna anayemcheka mpiga misolo.

Sasa turudi kwa gumba la kushoto, maana ndilo limeleta kelele.

Gitare ya shule ya Hispania ina shingo pana, kama milimita 52 pale juu nyuzi zinapoanzia. Ukitaka vidole vinne vifike mpaka mi kubwa kwenye shingo kama hiyo, na hasa ukitaka kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, gumba lazima lishuke nyuma katikati. Ni hesabu ya mifupa, haina mjadala. Lakini gitare ya umeme ya kanisa, na nyingi za nyuzi za chuma, zina shingo ya milimita 43 hivi. Karibu sentimita moja imepungua. Kwenye shingo hiyo gumba linaweza kuzunguka juu na kukamata fa kwenye mi kubwa, vidole vingine vikabaki huru. Jimi Hendrix alifanya hivyo maisha yake yote. Muzee wa Nyabiondo naye anafanya hivyo, na ukimsikiliza vizuri utajua sababu: besi yake haikatiki wakati vidole vingine vinabadilisha akordi. Hana mpiga besi. Gumba lake ndiye mpiga besi.

Hapa mimi nafanya hukumu yangu. Anayeanza namwambia aanze na gumba nyuma, kwa miezi ya kwanza, hata kwenye shingo nyembamba. Kwa nini? Kwa sababu gumba likianza juu, kiganja kinashikamana na shingo, vidole vinalala, vinagusa nyuzi za jirani na kuzinyamazisha. Gumba nyuma linavifundisha vidole kusimama kwa ncha zake kama nyundo ndogo. Akishaweza do, fa ndogo na sol bila nyuzi kufa, alipandishe gumba kazi ikidai. Kwa maneno mengine namfundisha kile kile cha fotokopi, ila namwambia sababu na namwambia lini kinaisha. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu aliyepewa sababu atakutana na muzee na kumuuliza swali. Aliyepewa sheria atamsahihisha.

Mkono wa kuume ndipo lile somo linanikasirisha kweli. Linasema vidole vitatu na gumba, kila kimoja na uzi wake, na mwenye kutumia vidole viwili "hajafika". Wenzangu, tuko Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipofika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alirekodi kijana anayeitwa Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya. Moja ya nyimbo hizo, Masanga, imewahangaisha wapiga gitare wa Ulaya na Marekani mpaka leo, wakijaribu kuiandika kwa noti na kuelewa sauti zinatoka wapi. Zinatoka kwenye gumba na shahada. Vidole viwili! Gumba linatembea kwenye besi, shahada inaimba juu, na kati yao inatokea sauti ya tatu ambayo hakuna anayeipiga, sikio lenyewe linaiumba. Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri mpaka Katanga kujifunza kwake na kwa wenzake, akatoa kitabu cha safari hiyo mwaka 1982. Mwenda mwenyewe alikuwa amefika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani. Alikufa kwa ajali ya barabarani mwaka 1990. Magharibi ya Kenya akina George Mukabi nao walijenga mtindo wao wa omutibo juu ya gumba na shahada. Na Franco Luambo, ambaye baba zetu wote walimcheza, mara nyingi alivuta nyuzi kwa vidole hivyo hivyo viwili.

Watafiti wa muziki wa Afrika wameandika tangu zamani kwamba upigaji huu una undugu na likembe. Ukiwahi kumwona mtu akipiga likembe unaelewa bila kusoma. Sehemu kubwa ya kazi ni ya magumba, sanduku dogo limekaliwa na viganja, na akili imegawanyika mara mbili: gumba hili linasema, lile linajibu. Mkono uliolelewa kwenye nyumba yenye likembe unafika kwenye gitare ukiwa umekwisha kujua nusu ya kazi. Halafu anakuja mwalimu na karatasi yake anaufuta.

Nikubali upande wa pili, maana uko. Ukitaka kupiga wimbo wa kitabu wenye sauti nne, zote zianguke pamoja kwa wakati mmoja, gumba na vidole vitatu vinaenda vizuri zaidi, na vidole viwili vitakulazimisha kuvunja akordi vipande vipande. Vijana wa misa ya Katoliki wanaosindikiza zaburi taratibu wanahitaji vidole vitatu. Nami nawafundisha hivyo, ila baadaye. Mwanzo nampa gumba na shahada tu: gumba linabadilishana kati ya la na re, taratibu kama mtu anayetembea, shahada inajibu kwenye si. Siku tatu, nne, bila akordi yoyote ya mkono wa kushoto. Watu wanachoka na zoezi hilo kwa sababu halifanani na wimbo. Lakini ndilo linalofundisha gumba kutomsikiliza jirani yake.

Na kidole cha mwisho, kile kinachokatazwa kugusa mbao? Wengi wa wapigaji wetu wanakiegemeza kwenye tumbo la gitare ili mkono ujue uko wapi. Sina ugomvi nacho, mradi kiguse kama mtu anavyogusa ukuta gizani, asiuegemee. Kikikaza, kidole cha pete kinafungwa pamoja nacho, jaribu mwenyewe sasa hivi mezani utaona. Juu ya mediatore nitasema kidogo tu: ishikwe kati ya gumba na ubavu wa shahada, itokeze ncha ndogo, na mwendo utoke kwenye kifundo, usitoke kwenye kiwiko. Wes Montgomery wa Marekani hakuitumia, alipiga kwa gumba tupu, na hakuna aliyemwambia arudi shule.

Kuna jambo la kusimama. Video karibu zote zinamwonyesha mtu amekaa. Ibada kwetu ni saa tatu, na mpigaji amesimama, gitare ya kilo tatu au nne inaning'inia kwenye mkanda mwembamba upande wa kushoto wa shingo. Vijana wanaiteremsha mpaka kwenye magoti kwa sababu ya mapambo, kifundo cha kushoto kinajikunja vibaya sana, halafu wanauliza kwa nini akordi za kulaza kidole zinashindikana. Kipimo ni rahisi: kaa chini gitare ikiwa kwenye mkanda, rekebisha urefu mpaka mkanda ukaze kidogo, kisha simama. Gitare ibaki pale pale ilipokuwa ulipokaa. Mkanda uwe mpana. Kipande cha kikwembe kilichokunjwa mara nne kinatosha.

Na kwa kuwa nimetaja kikwembe. Nimeuliza viongozi wa korali, kwa nini wasichana wanaimba tu, hawapigi. Jibu linalorudi sana haliko la Biblia, wala haliko la uwezo. Ni la kukaa. "Atakaa vile na vikwembe?" Wameona kwenye karatasi picha ya mwanaume mwenye suruali, magoti wazi, gitare katikati ya mapaja, mguu mmoja juu ya kibao. Wamefikiri hiyo ndiyo gitare. Kwa hiyo picha moja ya mkao wa Tárrega, iliyofotokopiwa mara ishirini mpaka sura ya mtu haionekani tena, imewafungia mlango nusu ya wanamuziki wetu. Nasema hivi kwa uzito. Wasichana wetu ndio wanaobaki kwenye korali wakati wavulana wanaenda machimboni Rubaya au Bisie. Korali inabaki na sauti ishirini na gitare iliyotundikwa ukutani.

Na suluhu ni ndogo kiasi kwamba inachekesha. Tumbo la gitare likae juu ya paja la kuume, magoti pamoja au mguu mmoja umepandishwa juu ya mwingine, mkanda uvaliwe hata ukiwa umekaa ili mkono wa kushoto usibebe shingo. Mkono wa kushoto haupaswi kubeba shingo kwa mkao wowote. Kama ukiuachia gitare inaanguka, mkao haujakamilika, hata kama unafanana na picha. Kwa kikwembe kilichobana sana, kusimama ni vizuri zaidi. Nimemwona msichana mmoja wa Walikale akipiga akompa amesimama, gitare iko juu karibu na kifua, kifundo kimenyooka vizuri kuliko kaka zake wote. Kaka zake walimcheka kwamba ameivaa kama mtoto mgongoni. Baada ya mwezi mmoja waliacha kucheka kwa sababu fa yake ilikuwa inalia na ya kwao hailii.

Tena katika miaka hii ya kukimbia, gitare ndicho kitu cha kwanza kuachwa nyumbani. Haikai kichwani kama bidoni, haipikiki, na mtu ukimkuta barabarani nayo unamshangaa. Walio kwenye kambi au kwa wajomba Goma wananiuliza watafanyaje bila gitare. Mkono unaweza kuendelea. Mti mnyoofu wenye unene wa shingo ya gitare, mistari iliyochorwa kwa kalamu, vidole vinasimama moja mbili tatu nne na kurudi, gumba nyuma. Mkono wa kuume juu ya paja: gumba, shahada, gumba, shahada, huku unaimba. Hailii, najua. Lakini kile kinachopotea haraka mtu akiacha ni mpangilio wa vidole, na huo hauhitaji sauti.

Vita pia imeleta mikono isiyo na vidole vyote. Kwa hao lile somo halina hata mstari mmoja. Django Reinhardt aliungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikufanya kazi tena, na solo zake alizipiga karibu zote kwa shahada na kidole cha kati mpaka alipokufa 1953. Simtaji ili mtu amwambie kijana aliyepoteza kidole kwamba "ukitaka utaweza". Namtaja kwa sababu ya namna alivyofanya: aliacha akordi za watu wengine, akatafuta zake zenye nyuzi mbili, tatu, zinazokaa chini ya vidole alivyobaki navyo. Mwalimu anayejua sol moja tu, ile ya picha, hawezi kumsaidia huyo. Anayejua kwamba sol ni sauti tatu, sol, si na re, popote zilipo kwenye shingo, atamtafutia mahali.

Nimalizie na wenye mkono wa kushoto, maana kila korali ina mmoja na kila korali ina gitare moja. Kubadilisha nyuzi kila Jumamosi haiwezekani, zitakatika, na nyuzi mpya ziko mbali. Kumlazimisha apige kwa mkono wa kuume kunawezekana, wengi wamefanya hivyo, kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi ngumu. Lakini kuna njia ya tatu. Elizabeth Cotten wa Marekani, wa mkono wa kushoto, aliichukua gitare ya kawaida na kuigeuza tu bila kugusa nyuzi: besi zikawa chini, akazipiga kwa vidole, na wimbo akaupiga kwa gumba. Upande wa Kibua yuko kijana anayefanya hivyo hivyo, na simu yenye picha hajawahi kuimiliki. Wenzake wanaacha gitare kwenye benchi, anaichukua, anaigeuza, anapiga, anairudisha ilivyokuwa.

Wenye kupita huko, mpelekeeni uzi wa si. Wake umekatika tangu Pasaka na anapiga na tano.